Zimwi Halitaki Haraka: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mchezaji wa Kampala

Maagizo haya ni ya anayetaka kuanza Alien: Isolation naye anaishi Kampala. Gemu yenyewe ni ya Creative Assembly ya Uingereza, ilitoka Oktoba 7, 2014, na inakuweka ndani ya Amanda Ripley, fundi anayemtafuta mama yake katika kituo cha angani kiitwacho Sevastopol. Humo mna zimwi, na huwezi kuliua. Asiyependa kuamrishwa akacheze FIFA.

Usiicheze kibandani. Kwenye vibanda vya gemu unalipia mechi, mechi ni dakika chache, na nyuma yako kuna foleni ya vijana wenye haki ya kukusukuma. Gemu hii itakufungia ndani ya kabati la chuma, zimwi likizunguka nje, na kazi yako yote kwa muda huo ni kutofanya kitu. Mwenye kibanda hatakuelewa. Tena huu ni mji uliolelewa na VJ. Tumezoea mtu azungumze juu ya filamu hadi mwisho, na katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, makelele ya VJ Emmie yalikuwa nusu ya utamu. Hapa makelele hayo ni sumu. Rafiki akitaka kutazama, akae, anyamaze. Akisema "liko nyuma yako", mtoe nje.

Vaa hedifoni. Kwenye gemu hii masikio yanatangulia macho. Vishindo juu ya dari vina maana kwamba zimwi limo kwenye mirija ya hewa. Vikihamia sakafuni, limeshuka. Ukiona ute ukidondoka kutoka kwenye tundu la dari, zunguka. Anayepita chini yake huvutwa juu, na hapo ndipo mwisho wa habari.

Zima kipaza sauti. Kwenye PlayStation 4 yenye kamera na Xbox One yenye Kinect kuna chaguo la kuliruhusu zimwi lisikie kelele za chumbani mwako. Kwa mtu wa kijiji kimya huko Norwe, sawa. Wewe una jenereta ya jirani, honi za boda boda, na jogoo asiyejua saa. Utauawa na jogoo.

Usikimbie, na usikariri njia. Mazoea ya gemu nyingine za kunyemelea yatakuponza hapa. Kwingine mlinzi ana mzunguko wake: unahesabu hatua, anageuka, unapita. Zimwi hili halina ratiba. Waliolitengeneza waliligawia akili mbili. Ya kwanza inajua ulipo kila wakati lakini haisemi. Inaelekeza tu mtaa wa kutafuta. Ya pili ni ya zimwi lenyewe, nayo sharti ione au isikie ndipo ikupate. Ndiyo maana liko karibu nawe muda wote bila kujua uko kabati lipi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hao hawakufika Sevastopol. Humo mna utamu wote wa gemu, na hasira yote pia, kwa sababu utafanya kila kitu sawasawa na bado ufe. Usipige kelele kwamba umeonewa. Mara nyingi ulikimbia.

Usikikodolee macho kitambua mwendo. Kinalia, na zimwi likiwa karibu linakisikia. Chungulia mara moja, kishushe.

Usilipige risasi. Bastola inaliita tu. Bunduki ya moto inalifukuza kwa muda, basi. Tunza mafuta yake. Ukiwa na kifaa cha kelele na mbele yako kuna watu wenye silaha wanaokuwinda, kirushe katikati yao ukajifiche. Zimwi litakumalizia kazi. Ni ukatili, na ndiyo akili bora kuliko zote humo.

Piga simu kila unapoiona. Hili lisome mara mbili. Unahifadhi ulipofika kwenye vituo vya simu vilivyobandikwa ukutani: unachomeka kadi, unasubiri milio mitatu, na wakati unasubiri zimwi linaweza kukutoboa mgongo. Kati ya simu moja na nyingine unaweza kuwa umenyemelea nusu saa nzima. Wachezaji wa nchi za umeme wa uhakika huulalamikia utaratibu huu kwa sababu ya zimwi tu. Kampala una maadui wawili. Na usiniambie umeme sasa upo mwingi. Upo, ndiyo: bwawa la Isimba lilizinduliwa 2019 na megawati zake 183, Karuma 2024 na 600. Lakini megawati za mtoni hazikufai kitu waya wa mtaani kwenu ukikatika au transfoma ikiungua, na shida hiyo haikuondoka usambazaji ulipotoka mikononi mwa kampuni ya Umeme kwenda kwa UEDCL ya serikali mwishoni mwa Machi 2025. Kwa hiyo: angalia uniti za Yaka kabla ya kuwasha. Chomeka mashine kwenye UPS, hata iliyochoka, mradi ikupe dakika tano za kurudi kwenye simu. Mvua ikianza kutanda upande wa ziwa, acha kujidai shujaa, hifadhi.

Mwenye simu janja nzuri afikirie toleo la Android na iPhone lililotoka Desemba 2021. Vidole vitafunika kioo, hilo ni kero, lakini betri haijali transfoma.

Usipakue kwa bando. Toleo la kompyuta linataka nafasi ya gigabaiti 35, na tangu Julai 2021 kila bando unalonunua limebeba ushuru wa asilimia 12. Tafuta Wi-Fi ya mtu mkarimu. Likishaingia, halihitaji intaneti tena.

Usijilazimishe kuipenda yote. IGN waliipa 5.9 kati ya 10, watu wakawatukana kwa miaka. Mimi naona walikosea, ila si kwa mbali. Misheni ni 18, na zingetosha 12. Katikati zimwi linaondoka, unaachiwa Working Joe, roboti wenye sura za plastiki wanaokushika shingo huku wakikuhudumia kwa heshima. Wanatisha mara ya kwanza. Baadaye ni kazi ya kibarua. Ukifika hapo, punguza ukamilifu: usifungue kila droo, fuata njia, songa.

Usimpe mtoto. Ulaya imewekewa alama ya miaka 18. Kwamba ndugu yake mkubwa yupo sebuleni si hoja.

Usisubiri ya pili. Oktoba 7, 2024, miaka kumi kamili baadaye, Creative Assembly walitangaza kwamba mwendelezo umeanza kutengenezwa. Ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Hii ya kwanza inachezeka hadi kwenye PS3, na ya mtumba haiogopeshi mfuko. Jaribu pedi dukani kabla ya kulipa, hasa kijiti cha kushoto. Kikivuta chenyewe, Amanda atatoka kabatini bila ruhusa yako.