Posho, mgao au msaada? Neno moja la wakati wa vita na maswali matatu ya mfasiri

1. Swali lilikotoka

Katika zoezi la tafsiri la muhula huu tulipewa kifungu kifupi cha Kiingereza kuhusu familia moja ya Uingereza. Familia hiyo, katika siku zetu hizi, iliamua kuishi kwa kiasi kile kile cha chakula ambacho raia waliruhusiwa kupata wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tangu sentensi ya kwanza tulikutana na neno ration, ambalo Kiingereza na Kifaransa huliandika kwa herufi zile zile. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya hesabu.

Tulipolinganisha madaftari yetu tulikuta majibu matatu. Wengi waliandika "posho", wachache "mgao", na wengine "chakula cha msaada". Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye posho, tena bila shaka yoyote moyoni. Mhadhiri hakusahihisha hata jibu moja. Aliuliza tu: "Hicho chakula, nani alikilipia?" Darasa zima likanyamaza.

Makala haya ni jaribio la kujibu. Hoja yangu ni kwamba maneno haya matatu yote yanahusu chakula kilichopimwa, lakini kila moja lina mtoaji wake, mpokeaji wake na uhusiano wake kati ya hao wawili. Mfasiri anayechagua ovyo habadilishi neno tu. Anabadilisha nani alikuwa raia, nani mtumishi na nani mhitaji.

2. Mambo yenyewe yalivyokuwa

Uingereza ni nchi ya kisiwa, na kabla ya vita sehemu kubwa ya chakula chake ilifika kwa meli. Manowari za Ujerumani zilipoanza kuzizamisha meli hizo, serikali ilichukua hatua. Tarehe 8 Januari 1940 siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi viliwekewa kipimo. Mwezi wa Machi ikafuata nyama nyingine, na mwezi wa Julai majani ya chai. Kila mtu alipewa kitabu chenye kuponi, na kila nyumba ilijiandikisha kwenye duka lake. Kitabu cha mtu mzima kilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu. Cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5 kilikuwa cha kijani, na cha watoto wakubwa kidogo kilikuwa cha buluu. Hata ukoo wa kifalme ulikuwa na vitabu vyake.

Viwango vilipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, lakini kwa kawaida mtu mzima alipata kwa juma moja:

– nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, gramu 113;
– nyama nyingine ya thamani ya shilingi 1 na peni 2;
– siagi, gramu 57;
– jibini, gramu 57;
– majarini, gramu 113;
– mafuta ya kupikia, gramu 113;
– sukari, gramu 227;
– majani ya chai, gramu 57;
– maziwa, painti 3, yaani karibu lita 1.7;
– yai 1, kama lilipatikana.

Zaidi ya hayo palikuwa na pakiti ya mayai ya unga na gramu 340 za peremende kwa kila majuma manne.

Mfasiri anapaswa kushika mambo matatu hapa. Kwanza, chakula hiki hakikutolewa bure. Kuponi ilimpa mtu haki ya kununua, na bei alilipa mwenyewe kwa fedha yake. Pili, mkate na viazi havikuwekewa kipimo wakati wote wa vita. Mkate ulipimwa baadaye tu, kati ya Julai 1946 na Julai 1948, wakati bunduki zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Tatu, hakuna aliyejua mwisho. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini kipimo cha nyama kiliondolewa tarehe 4 Julai 1954.

Inafaa kukumbuka pia kwamba watu wa kwanza "kujaribu" kuishi hivyo walikuwa wataalamu. Elsie Widdowson na Robert McCance, wachunguzi wa lishe huko Cambridge, walianza kujipima wao wenyewe mwanzoni mwa vita. Walikula nyama, mafuta, maziwa na sukari kidogo sana, na mkate, viazi na mboga kadiri walivyotaka. Baada ya miezi mitatu walikwenda kwenye milima ya Lake District, wakatembea na kupanda ili waone kama nguvu bado ipo. Ilikuwepo. Walichogundua kuwa kinapungua ni madini ya kalisi, na ndiyo sababu baadaye yaliongezwa katika unga wa mkate.

3. Mezani kwa nkambo

Kabla ya kuandika nilitaka kuona kiasi hicho kwa macho. Niliazima mizani kwa jirani anayeoka keki, nikapima kipimo cha mtu mmoja kwa juma moja na kukipanga mezani. Siagi na jibini kwetu ni ghali, kwa hiyo mahali pake niliweka karanga zilizosagwa za uzito ule ule. Gramu 57 za majani ya chai zilionekana nyingi. Gramu 57 za jibini zilikuwa kama kipande cha sabuni kilichobaki siku ya mwisho ya kufua.

Nkambo wangu, mama mzaa baba, ambaye mumewe alifanya kazi migodini, alikuja kuangalia. Nilimwambia: "Nkambo, hii ndiyo posho ya Wazungu wakati wa vita." Akatazama meza upande mmoja, akatazama upande wa pili, kisha akauliza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Na bunga iko wapi?"

Swali lake lilivunja tafsiri yangu. Kwake yeye posho ni unga kwanza, na vingine vyote ni vya kuusindikiza. Katika kipimo cha Uingereza, chakula cha kushibisha ndicho kilichoachwa huru, na vile vya kusindikiza ndivyo vilivyopimwa. Nilikuwa nimechukua neno ambalo kiini chake ni unga, nikaliweka juu ya meza isiyo na unga.

4. Posho: kipimo cha mwenye kazi

Historia ya neno posho ni ndefu. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani hadi Tanganyika na Maniema, posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho njiani. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu gramu 680. Ndicho kibaba kile tunachokitaja katika methali ya haba na haba, ingawa leo wengi wetu hatujawahi kukiona.

Kutoka hapo neno limetawanyika. Uganda posho ni ugali wenyewe. Kenya watu hupeleka mahindi kwenye kinu cha posho. Tanzania posho ni fedha anayolipwa mtu juu ya mshahara, kwa mfano posho ya safari au ya kikao. Katanga limebaki karibu zaidi na msafara: chakula ambacho mwajiri humpimia mfanyakazi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapimia wafanyakazi wake unga, samaki, nyama, mafuta ya mawese, maharagwe na chumvi. Mke na watoto walipata fungu lao kwa sababu ya jina la baba.

Katika maana hizi zote, isipokuwa ile ya Uganda na ya kinu, kuna mkubwa anayetoa na mdogo anayepokea. Hata kitenzi chake, kuposha, kina mtendaji mmoja tu. Hatusemi "tuliposhana". Posho hufuata kazi: kazi ikiisha, nayo inaisha.

Jambo hili lina uzito zaidi tukikumbuka kwamba vita ni vile vile. Mwezi wa Desemba 1941 Uingereza ilianza mpango wa pointi kwa vyakula vya makopo, ili mnunuzi achague mwenyewe. Mwezi ule ule, hapa Lubumbashi, mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi wa migodi waligoma wakidai mshahara, na tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi. Mwaka uliofuata siku za kazi ya lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, kwa ajili ya juhudi za vita. Shaba, bati, mpira na mawese ya Kongo vilikwenda kwa upande ule ule uliokuwa ukipanga foleni na kuponi mkononi. Kule raia alikuwa na kitabu chenye jina lake. Huku mfanyakazi alikuwa na posho. Tukiwaita wote wawili "wala posho", tunafuta tofauti ambayo watu waliilipia kwa damu.

5. Mgao: kipimo cha wenyewe kwa wenyewe

Mgao unatokana na kitenzi kugawa. Kitenzi hiki kinakubali viambishi ambavyo kuposha havikubali: kugawia, kugawiwa, na hasa kugawana. Katika kugawana kila mmoja ni mtendaji na kila mmoja ni mpokeaji. Tanzania husema "mgao wa umeme" au "mgao wa maji" pale kitu kinapokuwa kidogo na kila mtaa unapata zamu yake, huku kila nyumba ikiendelea kulipa. Hiyo ndiyo hali ya Uingereza ya mwaka 1940: upungufu, zamu, na malipo.

Wenzangu wawili walipinga. Walisema mgao ni neno la redio za nje, na kwamba Kongo umeme ukikatwa kwa zamu tunasema "delestaji". Pingamizi hilo ni la kweli kwa upande wa mazoea, lakini si kwa upande wa kueleweka. Anayesema "kugabula" sokoni hatashindwa kuelewa "kugawa" darasani.

Ila tusiupake mgao sukari kuliko gramu 227. Usawa wake ulikuwa na matundu. Chakula cha mkahawani hakikuhitaji kuponi, kwa hiyo mwenye fedha aliweza kula nje, ingawa mwaka 1942 serikali iliweka bei ya juu kabisa ya shilingi 5 kwa mlo. Palikuwa pia na biashara ya chini kwa chini. Hapo Kiswahili kina neno tayari lisilohitaji maelezo: magendo.

6. Msaada: kipimo cha mgeni

Jibu la tatu sikulipa uzito, mpaka nilipomsomea rasimu shangazi yangu, aliyetufikia kutoka Goma mwaka 2025. Nilipofika kwenye "mgao" alinikatiza. Wao, alisema, hawakugawana kitu. Waliandikwa, waliitwa majina, walipokea. Hawakununua, na hawakuulizwa wanataka nini.

Mashirika ya misaada hupanga kwa wastani wa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kikapu cha mfano kina karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi, pamoja na unga ulioongezwa virutubisho. Kinachofika mkononi hutegemea wafadhili na barabara. Msaada, basi, una mtoaji aliye mbali na mpokeaji asiye na kitabu cha haki. Ni neno la kweli kwa shangazi, lakini si la kweli kwa mama wa London aliyelipa shilingi yake.

7. Na kitenzi "kujaribu"?

Kosa la mwisho halikuwa katika nomino. Mwaka 2001 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha kipindi The 1940s House, ambamo familia ya kisasa iliishi katika nyumba iliyopangwa kama ya wakati wa vita, pamoja na vipimo vyake vya chakula. Familia ya namna hiyo hujifunza mengi: kupanga juma zima kabla ya kupika, kutotupa ganda, kujua thamani ya yai. Siwacheki, kwani mimi pia nilipanga gramu mezani. Lakini wanajua siku ya kutoka.

"Familia inajaribu kuishi kwa chakula cha vita." Isome sentensi hiyo London, ni zoezi. Isome Goma, na kujaribu kunageuka kuwa kuhangaika. Kiambishi -na- ni kile kile. Kinachobadilika ni kama mlango uko wazi. Ndiyo maana napendekeza tafsiri iseme wazi kwamba ni hiari: "Familia hiyo imeamua kuishi kwa muda kwa mgao wa chakula wa wakati wa vita."

8. Hitimisho

Kwa wenzangu watakaokutana na neno hili, napendekeza maswali matatu kabla ya kuandika. Nani alipima? Nani alilipa? Nani angeweza kuacha? Mwajiri akipima badala ya mshahara au pamoja nao, ni posho. Raia wakipimiwa kwa sheria moja na kulipa wenyewe, ni mgao. Aliye mbali akipima na kulipa, ni msaada. Na penye mtu anayeweza kuacha jioni akipenda, kitenzi nacho kiseme hivyo.

Katika daftari langu nimefuta "posho" na kuandika "mgao". Nkambo nilimpa zile karanga, akaomba na unga.