Shokapu za mbele zinazogonga mteremkoni

*Nikishuka Ilboru nikishika breki, mbele ya pikipiki inazama hadi inagonga, na usukani unacheza. Fundi ananishauri nifunge springi ngumu. Nifanye hivyo?*
*Dereva wa bodaboda, Arusha*

Shokapu za mbele kuzama kiasi wakati wa breki ni kawaida, kwa kuwa uzito huhamia mbele. Kugonga ndiko dalili ya oili iliyopungua au springi zilizochoka. Pande za Meru, mara nyingi tatizo huanzia kwenye sili: vumbi la majivu ya volkano hugandia bomba la shokapu na kuikwaruza sili kila inapopanda na kushuka. Kidole kikipitishwa chini ya mpira wa vumbi kikatoka na tope jeusi lenye mafuta, sili imekwisha.

Kwa hiyo springi ngumu zisubiri. Kwanza hubadilishwa sili na oili pande zote mbili, kwa ujazo sawa uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Oili nzito zaidi hupunguza kasi ya kuzama, lakini kubeba uzito ni kazi ya springi. Pikipiki ikiendelea kugonga, ndipo springi zipimwe urefu. Zikifungwa ngumu kupita kiasi, gurudumu hurukaruka juu ya mawe na tairi hupoteza mshiko, hatari kubwa kuliko ile ya kuzama.

Usukani kucheza ni suala jingine. Gurudumu la mbele liinuliwe, shokapu zisukumwe mbele na nyuma. Zikicheza, bearing za usukani zikazwe au zibadilishwe.

Oili ikifika kwenye breki, au bomba likiwa limepinda, pikipiki isiendeshwe kabisa. Fundi aitwe ilipo.