Sarafu ya Shaba ya Mfalme Aliyekuwa Kifungoni

Mwaka wa pili, kwenye kazi ya semina ya Historia, niliandika kwamba Charles X wa Ufaransa alitawala hadi 1592, eti kwa sababu nimeona picha ya sarafu yake ya shaba ya mwaka huo. Nikakatwa alama, na nilistahili. Kumbe mzee alifariki Mei 1590. Tangu hapo nakusanya picha za sarafu hizo (zenyewe hela sina), na leo tuisome moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti 1589 Mfalme Henri III alichomwa kisu na mtawa, Jacques Clément, akafa kesho yake. Mrithi alikuwa Henri wa Navarre, ila alikuwa Mprotestanti. Ligi ya Wakatoliki, iliyoshika Paris, ikamkataa, ikamtambua baba yake mdogo, Kardinali Charles de Bourbon, kuwa Charles X. Tatizo ni kwamba kardinali alikuwa tayari kifungoni, na humo ndimo alimofia. Hakutawala hata siku moja.

Sasa tazama sarafu, double tournois. Thamani yake ni denier 2. Denier 12 ni sou moja, sou 20 ni livre moja. Chenji ya sokoni tu. Upande mmoja kuna sura na jina la mfalme, wa pili maua matatu ya yungiyungi, jina la sarafu na mwaka. Halafu tafuta herufi ndogo: A ni Paris, D ni Lyon. Ukibahatika kuwa na moja, usiisugue kwa ndimu na majivu, maana ukifuta herufi hiyo umefuta shahidi mkuu.

Kwa nini shahidi mkuu? Kwa sababu sarafu inasema nani alishika kiwanda, haisemi nani alitawala. Mzee alipokufa, Ligi haikuwa na mfalme mwingine. Hata mkutano wao wa Paris wa 1593 haukukubaliana juu ya mtu. Basi viwanda vyao vikaendelea kugonga jina la marehemu. Wakati huohuo Tours, mji uliomtii Henri, ulikuwa ukigonga la Henri. Na mnunua mkate wa Paris hakuulizwa anamtambua nani. Alirudishiwa chenji, jina likaingia mfukoni. Hapo ndipo ninapoipenda shaba kuliko dhahabu.

Nikienda kufundisha, nitawapa wanafunzi miaka na herufi za miji tu, waseme wenyewe vita ilikuwa wapi. Julai 1593 Henri akawa Mkatoliki, na tarehe 22 Machi 1594 akaingia Paris.

Tahadhari moja ukitafuta kwenye katalogi: mwaka 1824 mfalme mwingine alijiita Charles X, namba ileile, kana kwamba kardinali hakuwahi kuwepo. Angalia mwaka kwanza. Mimi nilipoanza nilipoteza jioni nzima kwa huyo wa pili.