Dawa Imefanya Kazi, au Mvua Imekata? Namna ya Kupima Dawa ya Madoa Bakteria kwenye Hoho Zako

Nimetumiwa picha nyingi za majani ya hoho kutoka huku kwetu Kiwangwa na kule Fukayosi, na swali ni lile lile: bwana shamba, dawa gani inaua hii kitu? Kabla sijajibu niwape kisa kimoja, na kosa lake mimi mwenyewe nimo.

Kijana mmoja alikodi ekari moja karibu na barabara ya Bagamoyo–Msata, akapanda hoho za kupeleka Dar. Masika ikamkuta miche ina kama mwezi mmoja tangu itoke kitaluni. Madoa yakaingia. Akanunua dawa ya kopa, akapiga shamba zima, akarudia, akarudia tena. Baada ya muda majani mapya yakatoka safi kabisa. Akanipigia simu: "Mkuu, dawa iko kazini!" Nikampa hongera, na wengine wawili walioniuliza nikawaelekeza dawa ile ile.

Msimu uliofuata akaongeza eneo, akakopa kwenye kikoba, akanunua dawa ya msimu mzima kwa mkupuo. Safari hii mvua haikukata. Majani yakapukutika, matunda yakabaki wazi yakababuka na jua, na mengine yakatoka na magamba kama ukurutu. Dalali aliyaangalia tu akawasha gari. Deni alilipa kwa kuuza bodaboda yake.

Dawa haikuwa feki, na kipimo alifuata. Ila ule msimu wa kwanza hakuacha hata tuta moja bila dawa. Kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua kama majani yale yalitoka safi kwa sababu ya kopa au kwa sababu mvua ilikuwa imekata. Mimi nahisi ni mvua. Ningemuuliza siku ile "uliacha kipande gani bila kupiga?" pengine pikipiki ingekuwepo.

Sasa tuanze na ugonjwa wenyewe, maana kuna watu wanajaribu dawa ya jani kwa ugonjwa wa mizizi. Kama mmea umenyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Usipoteze hela ya dawa ya kupuliza, haufiki huko. Ng'oa, hamisha zao, na usirudie hoho, nyanya, bilinganya wala viazi mviringo hapo.

Madoa bakteria ni kitu kingine. Yanaanza kama vidoa vidogo vinavyoonekana vimelowa maji, hasa upande wa chini wa jani, kisha vinageuka kahawia au vyeusi, jani linapata njano na kuanguka. Usichanganye na lile doa la fangasi la mviringo lenye katikati nyeupe kama jicho. Bakteria hawa wa jamii ya Xanthomonas wanakuja na mbegu au miche, wanajificha kwenye masalia ya mazao, na wanarushwa na matone ya mvua, maji ya kumwagilia kwa juu, na mikono yetu tunapopita shambani majani yakiwa yamelowa. Joto la kwetu Pwani pamoja na unyevu ndiyo hali wanayoipenda.

Kopa haiponyi doa lililokwisha kutokea. Inakaa juu ya jani na kuua bakteria kabla hawajaingia kwenye vitundu vya kupumulia au kwenye michubuko. Ndiyo maana ukipiga shamba likiwa limeshaharibika unakuwa umechelewa. Ukichanganya kopa na mankozebu mara nyingi inakuwa kali zaidi kwa bakteria, kwa sababu mchanganyiko huo unaachia shaba zaidi ya kuwadhuru. Lakini bakteria nao wanajifunza. Huko Florida, Marekani, tangu miaka ya 1980 waliona Xanthomonas wa hoho wasioogopa kopa. Na hapa Tanzania, mwaka 2012 watafiti, wakiwemo wa SUA Morogoro, walichapisha matokeo ya sampuli za nyanya zenye madoa haya: walikuta aina tano za Xanthomonas. Kwa hiyo dawa iliyomfaa rafiki yako wa Lushoto si lazima ikufae wewe. Lazima uipime kwako.

Kupima kwenyewe hakuhitaji maabara. Kunahitaji vigingi, daftari, na roho ngumu ya kuacha mimea mingine bila dawa. Hapo kwenye roho ngumu ndipo wengi wanashindwa.

Tuseme unataka kulinganisha vitu vitatu: bila dawa, kopa peke yake, na kopa pamoja na mankozebu. Gawa eneo la jaribio katika makundi manne, kila kundi liwe na vipande vitatu. Kipande kiwe na mistari minne yenye mimea kumi kumi. Jumla ni mimea 480, na kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 ni kama mita za mraba 130 hivi. Kwenye ekari moja hicho ni kijisehemu tu, na kisichopigwa dawa ni theluthi yake. Huwezi kufilisika kwa hapo.

Makundi yafuate hali ya shamba. Kama upande mmoja uko bondeni na umande unakaa hadi saa nne asubuhi, kundi zima likae bondeni, lingine katikati, lingine juu. Usiweke vipande vyote vya kopa juu na vitupu vyote bondeni, halafu useme kopa imeshinda. Ndani ya kila kundi, nani apate nini amueni kwa kura ya vikaratasi. Najua inaonekana mchezo wa watoto, lakini mkono wa binadamu una upendeleo: bila kura utajikuta unaipa dawa uliyoinunua kwa bei kubwa sehemu yenye miche mizuri.

Anza kupiga kabla ugonjwa haujasambaa, kwa kipimo na ratiba ya lebo. Pampu iwe imeoshwa, maana bomba lililokuwa na dawa ya magugu litakuletea madoa yasiyo ya bakteria. Piga asubuhi majani yakishakauka na upepo ukiwa mdogo, na watu wawili washike turubai pembeni ili dawa isirukie kipande kitupu. Kwenye kila kipande hesabu mimea kumi ya mistari miwili ya katikati tu, ile ya pembeni iache, kwa sababu inapokea dawa na magonjwa ya jirani. Ukizungukia mimea, anza na vipande visafi, malizia na vilivyoumwa, usije ukawa wewe ndiye unayesambaza.

Kila wiki ipe kila mmea alama. Sifuri ni mmea safi, moja ni vidoa vichache vya kutafuta, mbili ni hadi robo ya majani, tatu ni hadi nusu, nne ni zaidi ya nusu, na tano ni mmea uliobaki vijiti. Bora zaidi, alama zitolewe na mtu asiyejua kipande kipi kina nini. Kwenye vigingi andika namba tu, orodha ya dawa ibaki nyumbani. Na pembeni ya alama andika mvua ya wiki hiyo. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi, pamoja na rula ya mtoto wa shule vinatosha kukupa milimita. Huo mstari wa mvua ndio tulioukosa kwenye kisa cha yule kijana.

Kwa nini makundi manne na siyo moja? Chukua sarafu. Ukiirusha mara moja ikaangukia kichwa, hujajifunza kitu. Kama dawa haina maana yoyote, uwezekano wa kushinda kipande kitupu kwenye makundi yote manne kwa bahati tu ni 1 kati ya 16. Ukiweka makundi matano ni 1 kati ya 32. Dawa ikishinda mawili na kushindwa mawili, hata kama wastani wake unapendeza, usiikopee hela.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wanairuka. Majani safi hayauzwi. Pima kilo za hoho zinazokubalika na dalali kwa kila kipande, mavuno yote, na zilizokataliwa ziandike pembeni. Kilo za ziada zilizoletwa na dawa zidishe kwa bei uliyolipwa shambani, siyo bei uliyosikia Kariakoo. Toa bei ya dawa, toa kibarua wa kupiga, toa na maji kama unayanunua. Nimeshaona dawa iliyopunguza madoa kweli kweli lakini hela iliyorudi haikufika hata ya kibarua, kwa kuwa mavuno yaliangukia wakati soko limejaa.

Kitu kingine, na hapa sina utani. Jaribu dawa iliyosajiliwa tu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Tafuta namba ya usajili kwenye lebo. Akikujia mtu na chupa isiyo na namba akasema "tupime kwako bure", mwambie aanzie TPHPA. Na wale wanaofungua kapsuli za tetracycline na kumimina kwenye pampu, acheni jamani. Hoho tunazila mbichi kwenye kachumbari. Kwa sababu hiyo hiyo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zinahusu vipande vya jaribio pia.

Yule kijana amerudi shambani, safari hii robo ekari. Tumekubaliana tuanze nyuma zaidi ya kopa, kwenye mbegu. Alikuwa na pakiti ya mbegu zisizopakwa dawa wala rangi, tukaigawa mara mbili. Nusu tumeiweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 51 hadi 52 kwa dakika 30, tukiwa na kipimajoto na birika pembeni, kisha maji baridi na kukausha kivulini. Nusu nyingine imebaki ilivyo. Ukizidisha moto unaua mbegu, kwa hiyo tulianza na mbegu chache kwenye kitambaa kibichi kuona kama zinaota. Zimeota. Trei za makundi mawili ziko pande mbili tofauti za nyumba, maji yasirukiane, na kila upande una kopo lake la kumwagilia. Vigingi tumeshavipiga namba kuanzia 1 hadi 8, na karatasi ya kura iko kwa mama yake.