Stempu Mbili za Mlima Wetu

Wengi wetu huona stempu kuwa ni kikaratasi cha kulipia barua tu. Barua ikisha somwa, bahasha hutiwa motoni. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka likizo moja nyumbani Kibosho babu aliponipa bahasha kuukuu za marehemu baba yake. Ndani yake mlikuwa na stempu ya shilingi 2 yenye picha ya Mlima Kilimanjaro na kichwa cha Mfalme George wa Sita.

Zamani hizo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Picha ya mlima wetu ilitokea mwaka 1935, wakati wa Mfalme George wa Tano, katika stempu za senti 15 na shilingi 2. Mwaka 1938 picha ile ile ilitolewa tena ikiwa na kichwa cha mfalme mpya.

Niliporudi shuleni nilimkuta mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye stempu kama yangu, ila muhuri wake ulikuwa mwepesi zaidi. Nikampa stempu ya senti 30 yenye daraja la Jinja, naye akanipa mlima wake. Nilimwambia, "Hii ni sawa na yangu, ya kawaida tu." Sikumdanganya, maana ndivyo nilivyoamini.

Jumamosi iliyofuata nilizilaza stempu zangu mbili ubavu kwa ubavu. Meno ya pembe moja yalilingana vizuri, lakini kadiri nilivyoendelea yalizidi kuachana. Hapo nikajua kwamba si ndugu wa siku moja.

Kipimo cha meno hupatikana kwa kuhesabu vitundu vilivyomo katika sentimeta 2 za ukingo. Vikiwa 14, kipimo ni 14. Stempu ya babu ilikuwa na kipimo 13¼, cha mwaka 1938. Ile ya kidato cha pili ilikuwa 14, cha mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tofauti hiyo ni ndogo, hata haifiki kitundu kizima katika sentimeta 2. Kwa hiyo ni afadhali kupima ukingo mrefu. Katika sentimeta 3, kipimo 14 hutoa vitundu 21, na kipimo 13¼ hutoa karibu 20. Pimeni juu na ubavuni pia, kwa kuwa stempu nyingine zina vipimo viwili. Tena jihadharini na stempu iliyokatwa kwa mkasi, kwani haiwezi kutoa ushahidi.

Meno yakishindwa kusema, tazameni namna ilivyochapwa. Stempu hizi za mlima zilichapwa kwa bamba lililochorwa mifereji. Wino hukaa katika mifereji hiyo, kisha karatasi hukandamizwa juu yake. Kwa sababu hiyo mistari yake imeinuka kidogo, na ncha ya kidole huweza kuihisi. Sasa chukueni stempu ya Tanzania ya mwaka 1965, ya senti 65, nayo ina Kilimanjaro. Hiyo ilichapwa kwa njia ya picha. Chini ya kioo cha kukuzia mtaona nukta ndogo ndogo badala ya mistari, na uso wake ni laini. Mlima ni mmoja, lakini kazi ni mbili.

Basi, nirudi kwenye habari yangu. Stempu ya 1941 iliyokwisha tumika ni adimu kuliko ile ya 1938. Nilikaa kimya siku mbili. Nilijiambia kwamba biashara imekwisha, na kwamba hata yeye hakujua. Lakini sasa mimi nilijua, na kila nikimwona kwenye foleni ya chakula nilitazama pembeni.

Siku ya tatu nilimwita bwenini, nikamwonyesha meno yale, nikamrudishia mlima wake. Alihesabu vitundu mara mbili, kisha akauliza, "Kaka, mbona hukunyamaza?" Sikuwa na jibu zuri. Akanirudishia daraja langu.

Sasa tunapima pamoja kila Jumamosi baada ya usafi. Wazazi wenye bahasha za zamani, tafadhali msizitupe, wala msibandue stempu kwa nguvu. Tuleteeni tuzihesabu meno.