Mzoeshe Angali Mzima: Mtoto Mdogo, Pumu na Dawa ya Kuvuta

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 6 ambaye daktari amesema ana pumu. Mkaaji wa Ekerenyo anajua hali ilivyo huku kwetu: mvua ya alasiri, baridi ya usiku, moshi wa kuni jikoni, kisha saa tisa za usiku mtoto anaamka akikohoa na kifua kinapiga mluzi. Hapo ndipo wengi wetu hukumbuka dawa, na hapo ndipo mtoto huikataa. Si ukaidi. Pumzi zinamwishia, na papo hapo watu wazima wawili wanamshika mikono na kumfunika uso kwa plastiki asiyoijua. Hata wewe ungepigana.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa mchana, mtoto akiwa anacheza na hana shida yoyote.

Dawa mbili, kazi mbili

Katika pumu, njia za hewa huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hujikaza, na makamasi huongezeka. Salbutamoli, ambayo inhela yake mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli hiyo kwa dakika chache. Ni dawa ya wakati wa shida. Nyingine, beklometasoni au budesonidi, mara nyingi huwa katika inhela ya kahawia, nayo hupunguza uvimbe polepole. Daktari akiiandika, hutolewa kila siku, kikohozi kiwepo kisiwepo. Rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, basi soma jina.

Hii ya pili ndiyo huachwa. "Mbona anakimbia tu na wenzake, nimpe dawa ya nini?" Anakimbia kwa sababu anaipata. Wengine huogopa kwamba mtoto atakuwa mtumwa wa inhela. Dawa hizi hazileti uraibu. Ni kweli kwamba dawa ya kila siku inaweza kupunguza kimo kidogo, kiasi cha sentimita 1 hivi. Lakini pumu iliyoachwa bila tiba humnyima mtoto usingizi na shule, na inaweza kumuua. Ukiwa na hofu hiyo mweleze daktari, usikatize dawa kimyakimya.

Na wale wanaopenda dawa ya maji kuliko ya kuvuta? Salbutamoli ya kunywa hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Huchelewa, na huweza kumtetemesha mtoto mikono na kumwendesha moyo mbio.

Kumzoesha

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye inhela. Anahitaji spesa, ile chupa ya plastiki inayokaa kati ya inhela na uso, na barakoa ndogo kama bado hajaweza kubana mdomo vizuri. Siku ya kwanza mpe spesa tupu achezee. Amvike mwanasesere, amvike kaka yake, akuvike wewe. Siku inayofuata aivae mwenyewe bila dawa, mhesabu pumzi pamoja kwa Ekegusii mpaka isano, yaani tano. Akishazoea kuhesabu, tia dawa. Wengine huzoea kwa siku mbili, wengine kwa majuma. Usimharakishe.

Usimuulize kama anataka dawa, maana atasema hataki, na hapo utakuwa umejifungia njia. Muulize akae mapajani pa mama au pa magokoro (bibi), au nani atikise inhela leo. Mpe uchaguzi ulio wake kweli. Akimaliza, achore alama kwenye kalenda ya ukutani. Peremende kila mara si zawadi nzuri. Usimwambie kwamba dawa ni tamu kama peremende, wala usimtishe kwa sindano: siku atakapohitaji sindano kweli utamwambia nini?

Ifungamanishe na jambo linalofanyika kila siku. Kabla ya kupiga mswaki panafaa sana, kwa kuwa dawa ya kila siku huweza kuacha utando mweupe mdomoni, na kusukutua au kunywa maji huuzuia. Mvaa barakoa apanguswe uso pia. Na kama mama huondoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, basi magokoro au yeyote anayebaki na mtoto ndiye afundishwe, aonyeshe kwa mikono yake huku mama akitazama.

Watoto wana akili na jambo hili kuliko tunavyodhani. Mwaka 1955 huko Marekani, msichana wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake, George Maison, mkuu wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake isitiwe katika kikopo cha kupuliza kama ile ya nywele. Mwaka uliofuata inhela ya kwanza ya aina hiyo ikawa sokoni.

Namna ya kutoa

Mketishe wima. Tikisa inhela, ichomeke kwenye spesa, bana barakoa juu ya pua na mdomo pasiwe na mwanya. Bonyeza mara moja tu, apumue kawaida mara 5 au 6. Kama ameandikiwa mara mbili, ngoja nusu dakika, tikisa tena, rudia. Akiwa analia, dawa kidogo sana hufika kifuani. Kama ni dawa ya kila siku, mbembeleze kwanza, atulie. Lakini akiwa anakosa pumzi usingoje, mpe hata akilia.

Spesa ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki itaanza kuvuta dawa na kuikalisha ukutani mwake.

Huna spesa? Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya soda ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu la kubana mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni, humfaa mtoto sawa na ile ya kununua. Ni ya mtoto anayeweza kubana mdomo wa chupa kwa midomo yake. Mpelekee mhudumu wa afya aikague kabla ya kuitumia.

Inhela nyingi zina mipulizo 200. Anayetumia minne kwa siku humaliza kwa siku 50. Andika tarehe ya mwisho juu yake, kwa sababu hewa huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha.

Kuhusu moshi, hakuna mengi: mtoto asikae jikoni moto ukiwashwa, kuni ziwe kavu, sigara isivutwe nyumbani.

Usingoje

Kifua kikibana, mpe salbutamoli mipulizo 2, mmoja mmoja, isipokuwa daktari wake ameandika vingine. Unaweza kurudia baada ya dakika 20, kisha mara nyingine moja tu baada ya dakika 20 tena. Akihitaji zaidi ya mipulizo 6 kwa saa mbili, mpeleke hospitali. Mpeleke mara moja, bila kuhesabu, akishindwa kuzungumza au kunyonya, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka buluu, au akisinzia isivyo kawaida. Hospitali ya kaunti ndogo iko hapa Ekerenyo. Tafuta gari au pikipiki, abebwe akiwa wima, na njiani endelea kumpa dawa. Beba inhela na spesa yake, daktari aone alichopewa.