Mke wa Sultani katika Kalamu ya Binti wa Suria: Sayyida Azza binti Seif wa Kasri la Mtoni

1. Utangulizi

Likoni, Kisauni na Changamwe zilikuwa ndani ya ukanda wa pwani wa maili 10 uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja hadi Desemba 1963, ingawa Waingereza ndio walioutawala tangu 1895. Chanzo cha milki hiyo Mombasa ni ushindi wa Seyyid Said bin Sultan dhidi ya Wamazrui mwaka 1837. Wanafunzi wa fasihi huifahamu mivutano ya wakati huo kupitia tungo za Muyaka bin Haji. Hata hivyo, mjadala huishia kwa wanaume. Makala haya yanamwangazia mke wa Seyyid Said, Sayyida Azza binti Seif, na kuchunguza namna msimulizi anavyoweza kuumba sura ya mtu asiyeweza kujijibia.

2. Cheo cha Mke wa Ndoa

Sayyida Azza alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Oman. Aliishi katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Habari zake nyingi zimo katika kumbukumbu za Salme binti Said, aliyezaliwa kasrini humo mwaka 1844 na baadaye akajulikana kama Emily Ruete. Kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Salme anamchora Sayyida Azza kama mwanamke mfupi wa kimo, asiye na uzuri wa kupigiwa mfano, lakini mwenye kauli isiyopingwa. Mkubwa kwa mdogo walilazimika kumwita Sayyida. Cheo chake kilidhihirika hata penye chakula: yeye alikula pamoja na Sultani, ilhali masuria, hata waliozaa wana wa kifalme, hawakuketi naye. Kwa hiyo, pale penye chakula palikuwa daftari la nasaba. Kila mtu alisoma hapo alikuwa nani.

3. Mpaka wa Cheo Hicho

Pamoja na ukuu huo, Sayyida Azza hakujaaliwa mtoto. Kwa mujibu wa Salme, Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, na wote walikuwa wa masuria. Kisheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi kamili. Mama yake hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa alipata uhuru. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Unguja kwa kufuatana, walikuwa wana wa masuria. Hapa pana kinaya cha maisha ya kasri: mke wa ndoa alikuwa na amri ya leo, lakini kesho ilikuwa ya wanawake aliowaamuru.

4. Msimulizi na Upande Wake

Salme hakuwa shahidi asiye na upande. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto. Salme anafikia kuandika kwamba ilikuwa heri Sayyida Azza hakuzaa, kwani wanawe wangewaonea wenzao. Kauli hiyo inafichua uchungu wa watoto waliodharauliwa kwa sababu ya mama zao. Haimaanishi kwamba Salme alisema uongo. Inamaanisha kwamba msomaji anapewa Sayyida Azza kama alivyoonekana kutoka chini.

Jambo la pili ni umilisi wa kalamu. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo ndiyo iliyoamua nani akumbukwe, na kwa sura gani.

5. Mfano wa Siyu

Upande wa pili wa vita kulikuwa na mke mwingine wa mtawala. Mwana Kupona aliolewa na Bwana Mataka wa Siyu, aliyeyapinga majeshi ya Seyyid Said kwa miaka mingi. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia. Siyu haikuwa na fahari ya Mtoni, lakini Mwana Kupona anasikika kwa sauti yake mwenyewe. Sayyida Azza, aliyeamuru kasri zima, hajulikani kwa utungo wala waraka wake.

6. Hitimisho

Imebainika kwamba cheo hakimhakikishii mtu nafasi katika kumbukumbu. Aidha, hata kalamu ya Salme ina kimya chake: wajakazi waliopika, kufua na kubeba maji Mtoni hawakupata hata mtu wa kuwalalamikia kitabuni. Mhakiki wa tawasifu, basi, hana budi kuuliza nani anasema, anamsema nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema.

Maswali ya Mjadala

(a) Linganisha mamlaka ya Sayyida Azza na ya Mwana Kupona. Ni yapi yaliyodumu, na kwa nini?
(b) "Tawasifu ni ushahidi wa upande mmoja." Jadili kwa kurejelea kumbukumbu za Salme.